Amri ya Njoo Kesho

Wananchi wote wa Kakamega walitangaziwa, kwa kipaza sauti na kwa karatasi zilizobandikwa hadi Lubao, kwamba kuanzia Jumatatu maneno yafuatayo ya uchochezi yasitamkwe tena: "njoo kesho", "mkubwa hayuko" na "faili haionekani". Atakayeyatamka atatiwa ndani bila kujali cheo. Hilo la cheo aliliongeza mwenyewe Bwana Masinde, mkuu wa ofisi ya leseni. Uhuru ulikuwa na miezi kumi tu, naye aliupenda usawa kupita kiasi.

Balaa lilianzia Malinya. Kwa desturi, fahali wa kupigana husindikizwa uwanjani kwa nyimbo za kumsifu, ngoma ya isukuti ikirindima. Siku hiyo aliyeongoza wimbo alikuwa Mideva, mama aliyekuwa ametafuta leseni ya kuuza chai Lubao kwa miezi minane. Sifa za fahali akaziacha njiani, akaghani:

Nimefika dirishani: njoo kesho.
Nimekuja na hiyo kesho: mkubwa hayuko.
Mkubwa nimemwona anakunywa chai: faili haionekani.

Umati uliitikia mpaka fahali wenyewe wakasimama kusikiliza. Kufikia Jumapili, Lurambi nzima ilikuwa ikiimba.

Masinde alimwita akamuuliza ni adui gani wa taifa aliyemtungia.

"Hakuna mtu, bwana," Mideva akasema. "Hiyo maneno mnasemanga nyinyi. Mimi nimeyapanga tu."

Masinde alijua huo ni uongo mtupu. Serikali haikuwa na fungu la mashairi, ingetungaje? Akaunda kamati, kamati ikakaa siku tatu, ikala kuku saba, ikaamua kwamba shairi likinyimwa maneno litakufa lenyewe. Leseni ya Mideva ilibaki pale pale, chini ya kikombe cha Masinde.

Haya, Jumatatu ikafika. Dirishani aliketi karani Chrispinus, na ubavuni mwake askari Kipsang akiwa na orodha ya maneno mkononi. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Mideva. Chrispinus akafungua mdomo, akamtazama Kipsang, akaufunga. Akakohoa. Akajipangusa jasho. Miaka sita kazini, maskini, na hakuwa na sentensi nyingine. Mwisho akainuka, akaenda akainua kikombe cha mkubwa, akatoa leseni, akaipiga mhuri.

Mideva aliishika kwa mikono miwili, machozi yakamtoka hadharani bila haya.

Kufikia saa sita foleni yote ilikuwa imekwisha. Masinde alichungulia nje, akaona benchi tupu, akaingiwa na hofu kwamba wafanyakazi wamegoma.

Kipsang naye, kuona mambo yamekuwa matamu hivyo, akabisha hodi kwa Masinde kuulizia likizo aliyoiomba tangu enzi za Wazungu.

"Njoo kesho," Masinde akasema, bila kuinua macho.

Kipsang alisoma karatasi yake taratibu, hadi pale penye "bila kujali cheo". Akapiga saluti kwanza, kwa heshima zote, ndipo akatoa pingu.

Kituoni, Masinde alishika nondo za mlango, tai ikiwa imepinda, akamuuliza koplo wa zamu atatoka lini. Koplo alilijua jibu, alikuwa akiwapa watu kila siku tangu aajiriwe. Akatazama tangazo ukutani, lenye sahihi ya Masinde, akafunga mdomo.