Vinyonga Wanne na Joto la Kihonda

Jumatatu, 3 Februari 2025

Mpwa wangu Sabra kaja asubuhi na kizimba cha wavu. Ndani vinyonga wanne wa milimani, wa kijani, wana vijipembe puani kama vifaru wa kuchezea. Amewaandika namba mgongoni kwa rangi ya kucha, moja hadi nne. Ni wa utafiti wake wa chuo, ana kibali chenye mhuri. Maabara yao inapakwa rangi wiki hii, na yeye anakwenda Dodoma kwenye semina mpaka Jumamosi. Kaniomba jambo moja tu: niwapandishe leo hii kwa mama yake, yaani dada yangu Chausiku, huko juu Uluguru kwenye baridi. Joto la huku bondeni Kihonda litawaua, alisema. Wakifa, mwaka mzima wa kazi umekwenda na maji, na kuhitimu hahitimu.

Akanipa nauli ya bodaboda. Akanipa na kipimajoto. Kisizidi ishirini na tano, mjomba. Alirudia mara tatu, kama vile nasinzia.

Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye mtoto. Kwa hiyo nilimsikiliza kwa uvumilivu wote wa cheo changu. Nikamwambia aende salama, asiwe na wasiwasi. Sikumwambia nitafanya nini. Hakuniuliza.

Kuwapandisha mlimani kutafuta baridi! Mimi! Fundi friji wa miaka ishirini na saba! Mwaka tisini na nane nilitengeneza friji la Mtaliano mmoja pale Mikese, likagandisha kuku mpaka panga likavunjika vipande viwili. Mtaliano alilia. Baridi ni kitu ninachotembea nacho mfukoni. Ile nauli nimenunulia feni kuukuu kwa jirani yangu Eustace, mwenye duka. Kaapa kwa jina la mama yake kwamba linafanya kazi. Kweli linafanya. Linapuliza joto lilelile, ila kwa haraka.

Kipimajoto nilikijaribu kwanza, maana fundi haamini kifaa cha mtu mwingine. Nikakichovya kwenye chai. Kilipanda vizuri sana. Kikafika juu. Kikapasuka.

Haidhuru. Babu yangu hakuwahi kukiona kipimajoto na aliishi miaka mia na kumi na tatu.

Jumanne, 4 Februari

Mke wangu, Mama Abuu, kahamishia godoro sebuleni. Kasema kiumbe anayetazama mbele na nyuma kwa wakati mmoja hawezi kulala naye upande mmoja wa nyumba. Nikamwambia mbona mama yake mzazi yuko hivyohivyo na nimemvumilia. Mchana nimekula ugali kwa chumvi.

Mpango wa leo: magunia. Nimeloweka magunia matatu, nimeyatundika kuzunguka kizimba, feni nyuma yake. Upepo unapita kwenye maji, unatoka baridi. Hii ni sayansi. Nimeigundua mwenyewe, ingawa Mama Abuu anasema hata mtungi wa bibi yake ulikuwa unafanya hivyo.

Dakika ishirini kila kitu kilikwenda sawa. Kisha gunia likadondosha maji kwenye mota. Paa! Moshi, harufu ya nywele zilizoungua, na umeme kukatika nyumba nzima. Tatizo ni kwamba Eustace naye kajiunga kwenye mita yetu. Friji lake la soda likazima. Kaja mbio, kasimama mlangoni, kauliza mbele ya wateja wake: hivi wewe mzee ni fundi friji au fundi giza? Watu wakacheka. Nimeandika majina yao.

Lakini habari njema. Saa nane mchana nikachungulia kizimbani. Wamebadilika! Kijani chote kimeondoka, wamekuwa weupe kama ukungu wa asubuhi kule kwetu. Na midomo wazi, wanacheka, wote wanne. Nimezaliwa milimani, najua rangi ya baridi nikiiona. Sasa kipimajoto cha nini?

Jumatano, 5 Februari

Umeme umerudi, feni halijarudi. Maji ya bomba hayatoki. Magunia yamekauka yakawa kama mbao.

Nikawaza. Mjini kuna baridi ya bure, na watu wanaipita kila siku bila kuiona. Kile kichumba cha mashine ya kutolea pesa! Mlango wa kioo, kiyoyozi kinanguruma mchana na usiku, kiingilio hakuna. Nikawatia vinyonga kwenye kapu, nikafunika kwa kitambaa kibichi, nikashuka mjini.

Ndani raha tupu. Nimebonyeza vitufe nusu saa. Kadi sina, lakini nilibonyeza kwa heshima, nikitingisha kichwa kama mtu aliyeona salio lake. Foleni nje ikarefuka. Mlinzi, kijana mmoja anayeitwa Rogers, jina liko kifuani, akagonga kioo. Shikamoo mzee, una tatizo na namba ya siri? Nikamwambia namba ninayo, ila mimi ni mtu wa zamani, pesa naiaga kwanza kabla ya kuitoa. Akanipa dakika tano kwa sababu ya mvi zangu.

Dakika ya nne Namba Tatu akatoka kapuni. Akapanda mkononi, akapanda begani, akahamia kwenye kioo cha mashine, akatulia palepale juu ya neno KARIBU. Mama mmoja kwenye foleni akamwona. Sijawahi kusikia sauti ile kwa binadamu, na nimewahi kusikia simba wa Mikumi akinyolewa. Foleni nzima ikaingia barabarani. Rogers, mwenye bunduki, alitangulia.

Akarudi baadaye, akasimama mbali kidogo. Mzee wangu, alisema, nakuheshimu kama baba, lakini toka na mdudu wako, na usirudi hata ukishinda bahati nasibu.

Namba Mbili hakucheka leo njia nzima. Kajilaza tu chini ya kapu. Huyu kazoea starehe mapema.

Alhamisi, 6 Februari

Barafu! Jambo la kitoto kabisa, sijui kwa nini nilipitia kwenye magunia.

Anayeuza barafu mtaa huu ni Eustace peke yake, na tangu Jumanne kaapa kwamba hata nikifa hatatoa barafu ya kunihifadhi. Nikaingia dukani nachechemea. Nikamwambia goti limevimba, daktari kaagiza barafu. Kanitazama sana. Moyo wa mtu hujui: kanipa mifuko miwili bure, kaniambia pole mzee Hatibu, uzee hauna huruma. Mimi nina miaka hamsini na nne tu. Nikachechemea mpaka nyumbani.

Nimeiweka barafu juu ya kizimba. Imeyeyuka kabla sijamaliza kujisifu kwa Mama Abuu. Nikaona adui ni bati. Bati letu mchana unaweza kukaangia yai, tena nimewahi, likaungua. Nikapanda juu na ndoo ya maji ya kisimani, nikawa namwaga. Nimepanda na kushuka mara kumi na moja. Safari ya kumi na mbili nikasikia mtu anapiga hodi chini. Eustace. Mkononi ana mifuko mingine ya barafu na chupa ya dawa ya kuchua, kaja kumwona mgonjwa.

Akanitazama juu ya bati. Akalitazama goti. Akageuka na barafu yake, na dawa yake. Ningependa angetukana.

Nimechoka. Mgongo unauma, na goti sasa kweli linauma. Vinyonga bado weupe, wanacheka mchana kutwa, isipokuwa yule wa pili.

Ijumaa, 7 Februari

Sabra kapiga simu saa nne asubuhi, maana kwa mama yake mtandao haufiki. Kauliza mama hajambo, na vinyonga je. Nikaona muda wa kumfurahisha umefika. Nikamwambia wako hapahapa kwangu, nimewapoza kitaalamu kwa siku nne, weupe pee, midomo wazi kwa furaha.

Akaniomba nirudie. Nikadhani mtandao unasumbua, nikarudia kwa sauti kubwa.

Kisha akasema taratibu: Mjomba. Kinyonga akiwa mweupe na mdomo wazi, anaungua.

Nikaanza kumweleza habari za ukungu wa asubuhi. Hakunisikiliza, alikuwa analia. Akasema nikimbie, nisimweleze kitu, nikimbie tu.

Nilitoka na kizimba kichwani. Nauli sina. Nikasimama mbele ya duka la Eustace, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue sikuwa na hadithi. Nikamwambia tu: mtoto wa dada yangu atakosa shahada. Eustace akafunga duka. Mchana, wateja wamesimama! Akatoa pikipiki yake mwenyewe, akajaza barafu kwenye beseni, akaweka kizimba juu yake, akaniambia panda, na ukifungua mdomo nakushusha.

Njia ya Morningside, ya kupanda Uluguru, ni mawe matupu. Tulipopita nyumba za mwisho upepo ukageuka, ukawa na harufu ya majani mabichi. Namba Moja akaanza kurudi kijani. Kisha Namba Nne. Kisha Namba Tatu, yule wa mashine. Namba Mbili nilikuwa nimemtoa, nimemshika kiganjani. Kanishika kidole cha shahada kwa vile vikucha vyake, vizuri tu, kama mtoto anayevushwa barabara. Nikawa namsemesha. Nimemweleza habari ya kuku wa Mtaliano yote, mpaka mwisho.

Pikipiki ikashindwa, tukatembea. Tulipofika kwenye kijito cha Chausiku, kidole changu hakuna aliyekishika.

Eustace alivua kofia. Kwa kinyonga.

Jumamosi, 8 Februari

Nimelala kwa dada. Baridi mpaka kwenye mifupa. Chausiku aliweka kizimba chini ya migomba, kando ya kijito, akatupia majani mawili juu. Basi. Hakuna feni, hakuna gunia, hakuna hesabu yoyote. Ndani ya saa moja vinyonga watatu wako kijani na wanakamata nzi. Nikamwambia huo si utaalamu, hiyo ni bahati. Chausiku anapepeta mchele, hakuinua hata macho. Kaka, alisema, ulipewa njia, wewe ukaenda kutafuta akili.

Sabra kafika saa tisa na vumbi la Dodoma. Shikamoo mjomba, kwa adabu zote. Kapima uzito wa mmoja mmoja kwenye mizani ndogo, kaandika. Kisha nikampa Namba Mbili, nilikuwa nimemfunga kwenye jani la mgomba. Kafungua, kamwangalia, kamfunga tena vizuri kuliko nilivyomfunga mimi. Kaandika na hilo.

Hakupiga kelele. Kelele ningeziweza, kelele zina majibu. Kasema wanne walipaswa kuwa wanne, sasa aombe kibali upya na kuanza upya, atahitimu mwakani Mungu akipenda. Nikamwuliza safari nyingine maabara ikipakwa rangi nifanyeje. Akasema wewe mjomba pumzika. Watakaa kwa mama.

Nilitaka kusema naomba radhi. Nikajikuta nasema kwamba baridi ya huku ina unyevu mwingi, awe mwangalifu.

Nimeshuka mlima kwa miguu, peke yangu. Goti.

Jumatatu, 10 Februari

Nimepumzika jana kutwa kama nilivyoagizwa. Nimewaza sana, na kosa nimeligundua. Ni moja tu. Barafu ilikuwa kidogo.

Leo jioni kaja mkulima mmoja wa Mikese, anaitwa Stefano. Kaokota kobe katikati ya barabara kuu, malori yanampita pembeni. Alitaka kumkabidhi ofisi ya wanyamapori, kakuta imefungwa mpaka kesho. Kuulizauliza mjini, mtu kamwambia kuna mzee Kihonda anaelewa wanyama wa namna hii, hata mashine ya pesa anaingia nao. Sifa imeenea! Eustace alikuwa anasikiliza dukani kwake. Akatoka nje kabisa, akamwambia Stefano: ndugu yangu, rudi naye barabarani, malori yana huruma zaidi. Wivu huo.

Nimempokea kobe. Nimemtumia Sabra ujumbe: njoo asubuhi umwone mjomba wako anavyotunza, umjue upya. Hajajibu. Atajibu. Mtoto ni wa ukoo.

Barafu safari hii nimenunua mtaa wa pili, mifuko kumi, kwa pesa za Mama Abuu za mkaa. Nimeijaza kwenye karai, kobe nimemlaza katikati. Mwanzoni alihangaika, miguu inapiga huku na huku, hajazoea kutunzwa. Sasa katulia kabisa. Kaingiza kichwa, miguu, mkia, vyote. Namgonga mgongoni, hajisumbui hata kunijibu. Usingizi wa raha ulioje!

Naongeza mfuko mmoja.