Bukari na Mutoto Yake

Barafiki, leo nimepata haya. Haya ya mchana, mbele ya watu, na minye nimevaa suruali ya misa!

Munajua Odile, muke yangu, alirudi kwa wazazi wake kule Kapolowe tangu kampuni yetu ya kazi iliacha kutupatia unga. Alienda na batoto. Nyumba imenyamaza. Asubuhi naamuka, naita "Odile, chai!", halafu nakumbuka. (Chai yenyewe pia hakuna.) Namutamani ule mwanamuke mpaka naongea na sufuria.

Sasa jana nikasikia baba yake atapita hapa Likasi leo, aangalie kama kwangu kuko chakula. Akirizika, Odile anarudi. Asiporizika, anabaki kule kule.

Basi asubuhi nikaenda soko. Mama mumoja alikuwa na bwati mbili, ile mikebe ya chakula: moja ya maharagi mekundu, moja ya mahindi matamu. Uwezo wangu ulikuwa wa moja tu. Nikasimama pale kama daktari, nasoma makaratasi yake. Maharagi: protini nyingi, na chuma ya kuleta damu. Mahindi: sukari, protini kidogo.

"Papa, kamata maharagi," mama akaniambia. "Iyo ndiyo inajenga mwili."

Mwili! Minye nilikuwa nawaza roho. Siku ya ndoa yetu tulikula mahindi ya bwati, ya kantini ya kampuni, Odile analamba kijiko na kunicheka. Nikakamata mahindi. (Akili nilikuwa nayo mukononi, nikairudisha mezani.)

Mchana muzee akafika, mufuko begani. Nikamukaribisha kwa heshima yote ya ukwe, macho chini. Nikaleta bukari ya moto, ule ugali wetu, na sahani ya mboga ya kuukulia, imefunikwa. Kama ningenyamaza pale! Lakini mudomo yangu, munaijua.

"Papa, hapa kwetu hatukule maharagi tena. Maharagi ni ya watu wenye kukosa. Siku hizi tunaangalia vitamini."

"Ah bon? Ni vile?" muzee akasema.

Akafunua sahani. Akaangalia mahindi, akaangalia bukari.

"Mukwe, hii bukari ni ya nini?"

"Ya mahindi, Papa."

"Na mboga?"

Nikakohoa.

"Unanilisha bukari na mutoto yake?"

Eh, Mungu wangu! Kweli, muntu gani anakula mahindi juu ya mahindi? Muzee akala, kwa heshima. Akanawa mikono, akabeba mufuko yake.

"Odile alikutumia maharagi," akasema. "Aliyachambua yeye mwenyewe, akatoa mawe yote, alisema utakosa mboga. Lakini kama hapa ni chakula cha watu wenye kukosa, nitayarudisha."

Akatoka!

Nilibaki nimesimama, nawaza ile mikono ya Odile ndani ya lungo, anatoa mawe kwa ajili yangu. Halafu nikakimbia. Kiatu kimoja kikabaki njiani, sikugeuka. Nikafika kwenye kamyo ya Kapolowe, muzee amekwisha kupanda juu, katikati ya mizigo na watu.

"Papa! Minye napenda maharagi! Nayapenda sana!"

Kila muntu akageuka. Wenzangu wa kazi nao walikuwa pale (bila shaka!).

"Unapenda maharagi ao unapenda mutoto yangu?" muzee akauliza kwa sauti kubwa.

"Yote mbili, Papa! Lakini yeye kupita maharagi!"

Wamama wakapiga vigelegele. Shofa alicheka mpaka akalalia usukani. Muzee naye akacheka, na tangu nimeoa sikuwa nimemuona meno.

"Basi kuja umuambie weye mwenyewe. Na ukuje na jembe, analima peke yake."

Kamyo ikaondoka, na maharagi yangu yakaondoka nayo.

Kesho nafuata. Tafazali, barafiki, leo musinicheke. Nikirudi peke yangu, pale ndiyo mutacheka.