Malalamiko Kuhusu Nzi Waliosimamisha Harusi ya Mdogo Wangu

Linden, Columbus

Kwa Mkuu wa Maabara ya Nzi,
Amherst, Buffalo.

Mheshimiwa,

Pole na kazi. Mimi ni Sylveri, kaka yake Angelika, yule anayewalisha nzi wenu wa matunda. Yeye ndiye atakayekutafsiria barua hii, na nimemwonya asipunguze ukali. Malalamiko yangu ni haya:

1. Angelika alikuwa aolewe na Jules wa Louisville baada ya Pasaka. Baba yetu alifia katika kambi ya wakimbizi kule Kasulu, kwa hiyo mimi ndiye wa kumsindikiza hadi madhabahuni. Mwezi wa Februari makreti yaliniangukia ghalani, mguu ukavunjika. Nikampigia simu aendelee tu, binamu yetu Yoeli atamsindikiza. Akakataa, na sababu alizonipa zimetoka maabarani kwako.

2. Anasema buu wa nzi akiumia pale bawa linapoota, sehemu iliyoumia hutoa protini inayosafiri hadi ubongoni. Ubongo ukipata habari huzuia homoni ya kukomaa, na mwili mzima husimama kungoja kidonda kipone. Nilimjibu kwamba mimi si bawa. Nikaongeza kwamba, kama mambo ndiyo hayo, basi mimi kidonda naamuru harusi ifungwe. Akasema, "Kaka, kidonda hakitoi amri. Kinapeleka habari tu." Mheshimiwa, mtoto huyu nilimfundisha kusoma mimi mwenyewe. Hakuwa akijibu hivi.

3. Mama yake Jules, Bi. Mukashyaka, sasa hunipigia kila Jumapili akitoka kanisani. "Mkwe, mguu unasemaje?" Najua anachouliza si mguu. Kwaya imeshashona sare, na wanakwaya wameanza kunenepa. Ukoo mzima wa Louisville unauombea mfupa wangu kwa jina, jambo linalonitia aibu.

4. Nasikia mnao nzi walioondolewa protini hiyo. Hao hawamngoji mtu. Hukomaa kwa wakati, ingawa huenda bawa moja likazidi jingine kidogo. Sioni ubaya. Hapa Linden wengi tunaishi hivyo na kazini tunafika.

Kwa hiyo naomba Angelika apewe nzi hao peke yao, awatazame mpaka akili imrudie. Ikishindikana, mhamishie kwa mdudu yeyote asiyejali jamaa zake.

Nisalimie wote maabarani, pamoja na mabuu, ambao binafsi sina ugomvi nao.

Wako, mguu juu ya kiti,
Sylveri

N.B. Angelika, hapa usitafsiri. Jana nilijaribu kusimama jikoni bila magongo, nikaanguka. Nilikaa palepale sakafuni nikalia, wala si kwa maumivu. Nimeshampigia Yoeli, nimemwambia asishone suti. Ningojeni.