Saini za Chai

Jumatatu, 3 Machi 2025

Kibarua changu cha kupika chai kwenye maabara ya wadudu wa kahawa, hapa Ruiru, kinaisha Ijumaa. Kui wangu ana miezi minane. Mahali pekee anapolala bila kulia ni kwenye kikapu kando ya jiko la maabara. Nitampeleka wapi?

Lakini leo amekuja Bwana Gachau kutoka Thika, katibu wa kamati ya viwango vya lugha ya kompyuta. Kumbe kompyuta nazo zina lugha! Na lugha ina kitabu cha sheria, kizito kuliko Kui. Wanataka kufuta mtindo fulani wa zamani wa kuandika programu, na lazima wanasayansi waulizwe kwanza. Tangu Januari hajajibiwa na hata mmoja. Amesema nikimpatia maoni ya wanasayansi kumi, nitapika chai ya mikutano ya kamati kila wiki. Na mtoto? Aje tu. Kamati haina mtu wa kuongea, itafurahi kusikia sauti.

Jumanne, 4 Machi

Nimeweka kitabu alichoniachia Bwana Gachau karibu na vikombe. Daktari Nzilani, mkubwa wa maabara, amekitumia kuzuia mlango usijifunge.

Nimemwomba maoni. Amesema programu yake inahesabu wadudu vizuri tangu 1991, mambo ya sheria niwapelekee mawakili. Dianah, anayeuza samosa getini na anayelitaka hili jiko langu, amecheka hadi akakohoa. Eti Mama Kui, siku hizi wewe ni profesa?

Akohoe tu.

Jumatano, 5 Machi

Chapati ya bure kwa kila atakayetoa maoni. Wamekuja wote! Daktari Owino amesema maoni yake ni kwamba chapati ni laini. Nimeandika. Wengine wamesema wanamuunga mkono.

Nimemsomea Bwana Gachau kwa simu. Ameniomba nirudie. Kisha akasema hapana.

Alhamisi, 6 Machi

Wazo!

Kila siku saa nne asubuhi wanasayansi husaini daftari la chai. Hawasomi. Wanasaini wakibishana juu ya mabawa ya mdudu. Siku moja nilisahau daftari, wakasaini kadi ya kliniki ya Kui.

Leo nimebandika ndani ya daftari fomu aliyoniachia Bwana Gachau: ninakubali mtindo wa zamani ufutwe. Saini kumi na nne! Daktari Nzilani amesaini mara mbili kwa sababu alikunywa vikombe viwili. Nimepiga picha, nimetuma. Kui amecheka peke yake kikapuni. Anajua mamake.

Ijumaa, 7 Machi

Bwana Gachau amepiga asubuhi kwa furaha. Wanasayansi wamekubali kwa kauli moja! Haijawahi kutokea. Nikauliza mkutano wa kwanza ni lini, nibebe sufuria gani. Akasema mkutano wa nini tena? Watu hukutana wakiwa na ubishi. Ubishi umeisha, kamati imevunjwa.

Ngai, Mungu wangu! Nimekalia mtungi wa gesi nikalia kidogo.

Nimeenda kuungama kwa Daktari Nzilani. Nimemwambia programu yake yote iko kwa mtindo ule uliofutwa, kompyuta mpya zitaikataa. Hakuinua jicho kwenye darubini. Amesema kompyuta yake haijabadilishwa tangu inunuliwe, Gachau akitaka aje ajaribu kuibadilisha. Akaomba sukari.

Dianah ameshaleta sufuria yake. Ameiweka karibu na kikapu cha Kui!

Saa nane. Nimefikiria. Wanasayansi wakipinga, ubishi utarudi. Ubishi ukirudi, kamati itarudi, na kamati haiwezi kukaa bila chai. Bwana Gachau anasema fomu ya kupinga ipo kitabuni, mwisho wa kuituma ni saa kumi. Chai ya mwisho ni saa tisa.

Nimeibandika kwenye daftari. Nimechemsha sufuria mbili, ili Daktari Nzilani apinge mara tatu.