Jinsi ya Kuvuka Saruji Mbichi

Jumanne, 4 Juni
Mama mkwe anakuja Jumapili. Chumba cha wageni hakina sakafu, kifusi kitupu. Mke wangu anataka aitwe kaka yake, fundi uashi, yule ninayemwita Pipa kwa sababu ya umbo lake. Nimekataa katakata. Pipa akimwaga sakafu, atasifiwa yeye mpaka mgeni aondoke. Nitamwaga mwenyewe. Kwani saruji ni nini? Uji wa kijivu!

Jumatano, 5 Juni
Nilianzia mlangoni. Kazi safi, sakafu laini kama kioo. Kufumba na kufumbua nikajikuta kwenye kona ya mbali. Dirisha lina nondo. Mlango uko ng'ambo ya saruji mbichi. Sielewi ilikuwaje.
Nikatumia akili. Nikavua viatu, nikabana pumzi, nikanyata kwa ncha za vidole ili niwe mwepesi. Nikazama! Kila hatua shimo. Mke wangu akauliza kama napanda miche.

Jioni
Pipa ameitwa. Mtu mzito mara mbili yangu! Akalaza ubao mpana juu ya saruji, akapiga magoti juu yake, akaziba mashimo yangu kwa mwiko. Ubao haukuzama. Nimeugeuza huku na huku: ubao wa kawaida tu.
Nikamuuliza siri yake. "Shemeji, uzito ni uleule. Wewe umeurundika kwenye vidole, mimi nimeutandaza. Kila mahali pamebeba kidogo."
Nikaitikia kwa kichwa. Uzito unatandazwaje? Ni shuka?

Alhamisi, 6 Juni
Nimekwenda kwa muuza nafaka, nikapanda mizani yake. Nikasimama kwa nyayo. Nikasimama kwa vidole. Namba ileile! Nikamwambia mizani yake mbovu. Akaniambia nishuke, wateja wanangoja.

Jumapili, 9 Juni
Mama mkwe amefika. Amesifu sakafu. Amemsifu Pipa! Nani kamwambia? Namshuku mke wangu.
Baada ya chai mgeni akalalamika kuna panya darini. Nafasi yangu hiyo! Pipa, aliyekuja kumwamkia mgeni, akanisihi nilaze ubao juu ya mihimili, nitambae juu yake. Kichekesho. Ubao nao una uzito wake. Mtu anayetaka kuwa mwepesi abebe ubao? Nikaacha chakula cha mchana ili nipungue uzito, nikapanda, nikanyata kwa vidole juu ya dari.
Kishindo! Nikabaki nimekaa juu ya mhimili, mguu mmoja unaning'inia chumbani kwa mgeni. Kisha sauti yake, kwa upole: "Mkwe wangu, huu mguu ni wako?"
Nikajibu ndiyo, mama. Ningesema nini?
Pipa amenitoa, amelala kifudifudi juu ya ubao wake. Wote wananitazama kwa huruma.
Sasa nimejilaza, nawaza, na kosa nimeliona. Nilikanyaga kwa vidole vyote kumi. Vingi mno! Kesho napanda kwa vidole gumba tu.