Ombi la Mbio za Mita Ishirini na Tisa

Tarehe 3 mwezi wa tisa.
Leo ni miaka mitatu, miezi miwili na siku tisa tangu niondoke nyumbani.

Kwa Mwalimu Mkuu,
Shule anayosoma binti yangu.

Mwalimu Mkuu mheshimiwa,

KUHUSU: MBIO ZA WAZAZI SIKU YA KUFUNGA SHULE, NA MGUU WANGU WA KUSHOTO

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni baba wa yule binti wa darasa la tatu anayekaa karibu na dirisha, ambaye kila ripoti mnaandika kwamba anaongea sana. Hilo silipingi. Naomba tu uisome barua hii mpaka mwisho, maana nimeiandika mara tatu na mwandiko huu ndio bora nilio nao. Shule niliiacha darasa la saba, na si kwa kupenda.

Huku ninabeba vigae kwenye jengo la ghorofa tisa. Lifti ipo, lakini ni ya kupandishia vioo tu. Vigae vinapanda kwa mabega yetu, na ngazi ni nyembamba, kisigino hakipati pa kukaa, kwa hiyo tunapanda kwa vidole kutwa nzima kama watu wanaonyatia kuku. Hili la vidole ulikumbuke, litarudi.

Bila shaka unakumbuka mbio za mwaka ule kabla sijaondoka, binti yangu akiwa chekechea. Utaratibu wa shule yako ni kwamba mzazi anavua viatu, mtoto anavishika pale mstarini, filimbi ikilia mzazi anakimbia mita mia, kisha mtoto anamfuata na viatu vyake. Nilishindwa na yule baba mwenye duka la misumari kwa urefu wa tumbo lake, maana tumbo lilifika kabla yake. Binti yangu aliniletea viatu akaniuliza mbele ya watu, "Baba, kwani ulikuwa unamsubiri?" Nikamwahidi siku ile ile kwamba zitakapokuja mbio nyingine nitampita yule bwana asijue aliyempita ni nani. Kisha nikapata kazi huku, nikaondoka. Mwaka huu narudi, na nasikia binti ameshalitangazia darasa zima.

Kinachonizuia ni shavu la mguu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilianza mazoezi mwezi wa pili, kwenye barabara ya nyuma ya ghala letu. Nilianzia nguzo ya kwanza ya taa na nilikimbia kama mtu aliyeachwa na gari lenye mizigo yake. Kufika nguzo ya pili, kitu kikanipiga nyuma ya mguu, ta! Niligeuka. Nyuma yangu alikuwepo mlinzi wa ghala peke yake, anakula ndizi. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kumwandikia mwalimu. Akanijibu taratibu, "Kaka, ningekuwa na jiwe nisingelipoteza kwako." Kweli, jiwe halikuwepo. Ulikuwa msuli umechanika. Nalalamika kwamba mwili hautoi taarifa. Hapa kazini hata mtu wa kufukuzwa hupewa barua kwanza.

2. Nilikwenda zahanati. Yupo mama mmoja mtibabu wa viungo, maneno yake machache na vidole vyake kama koleo. Alinipa wiki tatu bila mbio. Baada ya hapo, nisimame kwenye ngazi kwa vidole, niinue visigino mara kumi na tano, asubuhi, mchana na jioni, kwa miezi mitatu, ndipo nikimbie. Wiki tatu nilizimaliza kwa uaminifu. Ile miezi mitatu niliipigia hesabu. Ghorofa tisa, ngazi ishirini kila ghorofa, ni ngazi mia na themanini, nusu yake ni za mguu wa kushoto. Nikipanda mara ishirini na mbili kwa siku, mguu wa kushoto unainuka mara elfu moja mia tisa na themanini. Yeye alitaka elfu nne na hamsini kwa miezi yote mitatu. Mwalimu, nilikuwa nimemaliza matibabu kwa siku mbili na kidogo! Siku ya tatu nikaenda kukimbia. Nguzo ya pili, ta! Niligeuka kwa mazoea. Mlinzi alikuwa ameshainua mikono yote miwili juu. Nalalamika kwamba tulifundishwa hesabu bila kuambiwa kuwa jibu linaweza kuwa sahihi na mguu ukalikataa.

3. Mtibabu aliponiona tena aliuliza, "Kupandisha vigae ndiyo mapumziko yako?" Nikamjibu kwamba yeye alikataza mbio, kazi hakuitaja. Akanitazama kama unavyomtazama mtoto aliyekula chaki. Safari hii alitaka niombe kazi ya chini kwa mwezi mzima, nikapewa kuchambua vigae vilivyovunjika, kazi ya kukaa kwenye ndoo. Kisha nianze na dakika moja ya mbio na mbili za kutembea, na nikisikia mguu unakaza nisimame hapo hapo, hata kama nimekimbia hatua tano. Sasa hebu nikuulize, nisimame vipi? Wenzangu wa chumba hukaa kwenye makreti pale pale nguzo ya pili, wananingoja. Fundi rangi anayelala kitanda cha juu yangu ameshanipa jina, ananiita Nguzo ya Pili. Akiniona nafunga kamba za viatu huwaambia wenzake, "Tafuteni machela, Nguzo ya Pili anaingia zamu." Siku niliyoanza nilisikia mguu unakaza. Nikasikia na kicheko. Nikaona afadhali mguu. Hiyo ikawa mara ya tatu.

4. Baada ya mara ya tatu sikubaki na mtu wa kumlaumu, ikabidi nifikiri. Nikagundua kwamba kosa ni la ukoo, upande wa mama. Mjomba wangu alichechemea mpaka uzeeni, na ile habari kwamba aliangukiwa na mlango siiamini tena. Mama mwenyewe tangu nimjue sijamwona akikimbia, hata mvua ikimkuta na nguo kambani. Anatembea tu, anazianua moja moja. Nilidhani ni tabia, kumbe ni mashavu ya miguu. Mtu hawezi kuadhibiwa kwa miguu aliyopewa tumboni, na shule yenye huruma italizingatia hilo.

5. La tano nilikuwa nalo, limenitoka. Nikilikumbuka nitaliweka chini.

6. Kwa hiyo naomba. Nimepima kwa futi ya kazini, mguu wangu unachanika mita ya thelathini. Mbio za wazazi zipunguzwe ziwe mita ishirini na tisa. Wazazi wengine wakisema ni fupi, basi kila mmoja akimbie na boksi la vigae begani, kilo ishirini na nane, ili waone urefu wake. Wakigoma kubeba, mbio zihamishiwe kwenye ngazi za ofisi yako, ambazo nazikumbuka ni pana na mtu hahitaji vidole. Mwenye duka la misumari aanze akiwa ameelekea upande mwingine. Pia wazazi wote wakae mwezi mzima kabla ya mbio wakichambua vigae kwenye ndoo, na walimu wa zamu wapite majumbani kuwakagua. Kama yote hayo yatakushinda, mbio zifutwe kabisa, na zawadi apewe mzazi aliyetoka mbali zaidi. Sitaji mtu.

Naamini ombi langu halijavuka mipaka. Nisalimie walimu wote, mpishi, mlinzi wa geti na yule anayepiga kengele. Mwalimu wa hesabu msalimie pia, lakini lalamiko la pili usimwonyeshe.

Ni mimi, ninayechechemea kwa heshima,
Baba wa binti wa dirishani

Nyongeza. Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua. Ningeichana barua yote, ila kuandika mara tatu si mchezo.

Nilipiga simu nyumbani kumwambia binti yangu kwamba nimekuandikia mbio zipunguzwe.  Mtoto yule, ambaye mnasema anaongea sana, alinijibu kwa sentensi mbili tu. Alisema, "Baba, usiwaambie wapunguze. Bibi atakasirika."

Ndipo nikaambiwa. Miaka miwili sasa mama yangu ndiye anayekimbia. Mwaka wa kwanza alikuwa wa mwisho. Mwaka jana alikuwa wa tatu, na nyuma yake alikuwepo mwenye duka la misumari na tumbo lake. Anafanya mazoezi kila asubuhi kwenye uwanja wako huo huo, anakimbia kidogo, anatembea kidogo. Walinificha nisije nikajisikia vibaya huku niliko. Mama akachukua simu nikamuuliza amewezaje na miguu ya ukoo wetu. Akanijibu, "Miguu ya ukoo haina kosa, baba. Mguu ukiniambia basi, mimi nasimama. Wewe umekuwa husikii tangu ukiwa na miaka minne."

Kwa hiyo nafuta lalamiko la kwanza mpaka la nne, na maombi yote ya namba sita. Mjomba aliangukiwa na mlango. Mita mia zibaki mia, mama anasema ishirini na tisa hazimtoshi hata kuchangamka. Na wewe Mwalimu ulikuwa unajua haya yote tangu mstari wa kwanza wa barua, nakushukuru kwa kusoma bila kucheka, kama hukucheka.

La tano halikunitoka. Nilitaka kukuuliza, siku ya mbio, filimbi inapokaribia kulia, mwanangu anasimama mstarini na nani. Niliogopa jibu. Sasa ninalo.

Nafika Jumatano ya wiki ya mwisho ya mwezi wa kumi na moja, mbio ni Ijumaa. Sitakimbia. Ninaomba nafasi moja tu pale mstarini: mama anakimbia peku, binti yangu ashike kandambili moja na mimi nishike ya pili, kisha tumfuate kwa kutembea.