Kilomita Nne Bila Kutoka Uani

Jumatatu, 3 Machi

Simu kutoka kwa binti yetu. Hakuzunguka mbuyu. Anamwomba mama yake akae naye mwaka mmoja zaidi. Mjukuu kamzoea bibi, hali bila bibi, halali bila bibi. Na mimi je? Mimi silali? Sikusema hivyo. Nilisema haya mwanangu, tutaona. Mama watoto atatoa jibu Jumapili ya tarehe kumi na sita.

Alikwenda kwa miezi miwili. Huu wa tisa! Nimehesabu kwa vidole, maana kalenda ya ukutani yeye ndiye aliyekuwa akiifunua. Bado inaonyesha Juni.

Binti akadokeza na jambo jingine. Majengo wanayokaa yana bwawa la kuogelea. Mama watoto huingia kila asubuhi na bibi wenzake, na magoti yamepona kabisa. Akatuma picha. Kofia ya mpira kichwani, anacheka meno yote nje. Meno yale sijayaona miaka!

Kumbe. Si mjukuu, ni maji. Nani aache bwawa arudi kwenye ua mkavu wenye ndoo mbili na kamba ya nguo? Dawa ya moto ni moto. Dawa ya bwawa ni bwawa. Na mimi ni fundi turubai, mwaka wa thelathini na moja huu. Nimefunika malori ya mahindi, ya saruji, ya magodoro. Turubai linalozuia maji yasiingie litashindwaje kuyazuia yasitoke?

Jumanne, 4 Machi

Kazi imefanyika! Jana jioni nilifunga karakana kwa nje nikashona kwa ndani. Turubai la kijani, lile zito. Mshono mara mbili, gundi juu ya mshono, maana kila tundu la sindano ni bomba likiachwa. Dereva mmoja alibisha hodi akiulizia turubai lake. Nilinyamaza. Akasema anasikia cherehani. Nikaacha kushona mpaka akaondoka.

Mabomba ya chuma kona nne, turubai likaning'inia katikati, mpira wa kumwagilia ukajaza kutwa nzima. Urefu hatua nne, upana mbili, maji mpaka kitovuni. Ua haukubali zaidi.

Nikajitosa. Nikapiga mkono mmoja, nikagonga bomba. Nikageuka. Mkono mmoja, bomba. Hili si bwawa, hii ni sufuria!

Jirani alikuwa ameegemea ua anatazama. Tunamwita Filimbi. Mwalimu wa michezo mstaafu, mkewe alifariki zamani, filimbi bado anaivaa shingoni utadhani kuna mechi. Akasema wenye mabwawa madogo hujifunga mkanda kiunoni wenye kamba ya mpira, kamba ikafungwa mahali, mtu akaogelea papo hapo hata saa nzima bila kwenda popote. Nikamwambia hilo nalijua siku nyingi. Nilikuwa silijui.

Jumatano, 5 Machi

Nimetengeneza mkanda. Utepe wa kufungia mizigo ya lori, mpana, na kishikizo chake cha chuma. Kamba ni tyubu ya gurudumu la nyuma, nimeikata vipande virefu kama vya manati nikavisuka. Nikaufunga mwisho wake kwenye nguzo ya baraza.

Mpira ulikuwa mzuri mno. Nilipiga mikono sita, ukanyooka, nikajiona bingwa. Nikapumzika kidogo tu, kidogo sana. Lahaula! Ulinirudisha kinyumenyume kwa kasi ambayo sijawahi kwenda hata mbele. Kisogo kikakutana na bomba. Uvimbe kama limau.

Filimbi akapuliza filimbi. Akasema nirudie, na safari hii nisipumzike.

Zamani mama watoto angeleta barafu na maneno. Barafu angeniwekea kisogoni, maneno angenitia masikioni, ya kwamba mtu mzima hovyo. Leo barafu nimejiletea mwenyewe. Nilikaa kwenye kiti cha jikoni nikiwa nimeishika, na jikoni kulikuwa kimya kabisa.

Ijumaa, 7 Machi

Ushindi! Nimepunguza vipande vya tyubu, kamba imekuwa na adabu. Nusu saa nzima bila kugonga kitu. Nimehesabu mikono nikapiga hesabu: kilomita moja na ushee! Bila kamba ningekuwa nimepita sokoni, nimepita uwanja wa mpira, naelekea stendi ya mabasi.

Nikainua kichwa. Mlango wa jikoni ule ule. Ndoo zile zile. Nikahisi kitu kifuani, nikasema ni maji yamenipalia. Hayakuwa maji. Ni upweke. Basi, nimeliandika, lisirudiwe tena humu.

La kuudhi ni hili. Filimbi kaniambia mjukuu ameota jino. Nikamuuliza kajuaje. Kumbe mama watoto humpigia simu! Kila Jumanne na Ijumaa! Anauliza kama nakula, kama nafua, kama karakana haijanizidi. Nikasema kwani mimi sina simu? Filimbi akasema mama watoto hulalamika kwamba akinipigia mimi namsimulia malori.

Kisha akajitia hekima. Akasema niache vituko vya tyubu, nimwambie tu mke wangu nimemkumbuka, arudi nyumbani. Mficha uchi hazai, jirani, akasema, na filimbi ikining'inia pale kifuani.

Mtego huo! Anataka nibembeleze, halafu Jumanne wanicheke wawili. Sibembelezi mtu. Mtu akibembelezwa anarudi kwa huruma. Mimi nataka arudi kwa bwawa.

Jumapili, 9 Machi

Balaa. Kamba inasugua nguzo ya baraza. Na kwenye nguzo hiyo ndiyo kuna mistari ya penseli, ile aliyokuwa akiichora mama watoto kila mwaka kupima kimo cha binti. Miaka mitano ipo. Saba ipo. Sita imefutika! Nimefuta mwaka mzima wa mtoto kwa kuogelea.

Nilitafuta penseli. Nikachora mstari kwa kukisia, kati ya tano na saba. Nikaandika sita. Mwandiko hauko kama wake hata kidogo. Yeye akija ataona mara moja, atauliza, nami nitasema ni mvua.

Nguzo basi. Kamba nitaifunga kwingine. Mlango? Unafunguka. Kamba ya nguo? Haistahimili hata blanketi. Ndipo likanijia: kona ya bwawa lenyewe! Lile bomba la nyuma. Bwawa na kamba yake, kitu kimoja, hakihitaji msaada wa mtu. Nashangaa walioanzisha mambo haya hawakuliona.

Jumanne, 11 Machi

Leo ilikuwa siku ya video. Mpango: Filimbi anipige picha nikiogelea kwa madaha, niitume kwenye kundi la familia, mama watoto aone kwamba hata huku kuna bwawa. Nilivaa kaptura nzuri. Kichwani nilivaa kofia yake ya kuogea, ile ya maua, aliyoiacha nyuma ya mlango. Ina harufu yake bado.

Nikaanza. Filimbi anapuliza, mimi napiga mikono. Nikapandwa na mori. Na ghafla, kwa mara ya kwanza tangu nianze mchezo huu, nikasogea mbele! Nikasema moyoni, nimeushinda mpira! Nikaongeza mikono.

Sikuwa nimeushinda mpira. Nilikuwa nalivuta bwawa. Bomba la nyuma likang'oka, turubai likajikunja, na maji yote, maji ya kutwa nzima, yakatoka kwa mkupuo mmoja. Yakabeba ndoo. Yakabeba kandambili. Yakapita chini ya ua yakaingia kwenye nyanya za Filimbi. Mimi nikabaki kifudifudi kwenye saruji, na bomba likinifuata kiunoni.

Filimbi anadai niliendelea kuogelea mikono minne mikavu. Uongo! Ilikuwa miwili.

Hakuacha kupiga video hata nyanya zake zilipokuwa zinaelea. Nilipoinuka ili nimnyang'anye simu alikuwa ameshaituma. Kwa nani? Kwa mama watoto, moja kwa moja. Jumanne ni siku yao, akasema.

Alhamisi, 13 Machi

Kapiga! Mwenyewe! Simu yangu, si ya Filimbi!

Hakuweza kusema. Alicheka. Alianza kusema kofia yangu, akashindwa, akacheka tena mpaka akakohoa. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda simu nimeibana sikioni. Sikutaka aache. Nyumba nzima ilijaa, ingawa kilichokuwa kinalia ni kisimu kidogo tu. Sina la kuficha: nilifurahi kuliko siku yoyote tangu Juni.

Kisha akatulia. Akauliza kwa sauti ya chini haya yote ni ya nini. Jibu lilikuwepo, lilikuwa limefika hapa kooni. Nikasema ni mazoezi. Ya mgongo.

Akasema ahaa. Akauliza kama hakuna jingine. Nikasema lipo, kosa lilikuwa kwenye lile bomba la kona, halikuchimbiwa. Akasema sawa, baba. Akasema atapiga Jumapili.

Jioni Filimbi kaja na nyanya tatu zilizonusurika. Anasema mama watoto kamwambia waziwazi: akisikia neno moja tu kutoka kwangu, anafunga begi. Nikauliza neno gani. Akasema, njoo.

Nilicheka. Neno moja! Mtu ana bwawa la vigae, ana bibi wenzake, ana mjukuu mwenye jino, aviache vyote kwa neno lenye herufi nne? Filimbi hajui wanawake. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nalijenga upya, na safari hii naweka saruji.

Lakini tulikula zile nyanya pamoja, kwa chumvi. Alikaa mpaka chai ikapoa. Naye nyumbani kwake hakuna mtu.

Jumapili, 16 Machi

Mambo yote yalikuwa tayari tangu asubuhi. Mabomba yamechimbiwa na kumwagiwa saruji. Gundi mara tatu. Mpira mpya. Maji yametulia, unaona mpaka mishono ya chini. Nilinyoa ndevu, ingawa ni simu tu.

Saa kumi kamili, simu. Hakuzunguka, na binti alikorithi ni huko. Akauliza, akae au arudi.

Neno la Filimbi lilikuwepo, nilikuwa nalo mdomoni kabisa, nililionja. Nikaona nikilisema na likakataliwa, nitabaki na nini? Nikasema afanye anavyoona mwenyewe.

Nikamsikia anavuta kiti.

Nikaona nimvutie kidogo. Nikamweleza saruji. Nikamweleza gundi, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikamweleza kwamba sasa mtu anaweza kuvuta hata kwa hasira na bomba lisitikisike. Nikadhani mtandao umekatika. Nikaita haloo, haloo.

Akasema yupo. Akasema basi, atakaa kule. Akasema nisisahau kula. Nikasema sawa. Nikasema msalimie mjukuu. Nikasema hapa kwetu mvua bado. Akakata, au nilikata, sikumbuki.

Filimbi alikuwa upande wa pili wa ua. Hakupuliza. Aliniangalia, akaingia ndani kwake.

Nikavaa mkanda nikaingia majini. Sikuhesabu mwanzoni. Nililia humo humo, na faida ya bwawa ni kwamba hata mwenyewe hujui ni yapi yaliyo yako. Nilipoanza kuhesabu sikuacha. Kilomita nne! Rekodi! Bomba halikutikisika. Niliposimama nilikuwa mbele ya mlango wa jikoni.

Na pale pale, napumua kama cherehani mbovu, nikaliona kosa langu. Mbona lilikuwa wazi tangu mwanzo! Mkanda mmoja. Nani atoke mbali kote huko aje akae kwenye kiti amtazame mume anaogelea? Lazima iwe miwili! Yake na yangu, ubavu kwa ubavu. Bwawa nalipanua mpaka kwenye kamba ya nguo, nang'oa kamba ya nguo. Mwaka mmoja unatosha, hata unazidi.

Nimeshaanza. Nimefungua kabati nikatoa gauni lake moja nikapima kiuno. Nililishika muda mrefu kidogo kuliko kipimo kinavyohitaji. Utepe nimeshaukata, umebaki kuzungushiwa kitambaa laini usimkwaruze.

Simwambii lolote. Atakuja kuliona mwenyewe. Limebaki suala la rangi tu. Nadhani anapenda nyekundu. Au ni bluu? Kesho nitamuuliza Filimbi, yeye ndiye huongea naye.